MEZA YA MWALIMU: Mchoro wa Zamani, Hewa ya Dodoma

Barua ya kwanza mwezi huu imenichukua jioni tatu kuijibu, na sijutii. Mbili zinazofuata nimezipa nafasi iliyobaki.

*Mwalimu, salaam. Mimi ni mstaafu wa idara ya maji, nina miaka 66, naishi Ipagala. Kuanzia 1983 hadi 1986 nilikuwa masomoni Uingereza. Mzee aliyenipangisha chumba alikuwa mtu wa ndege za rimoti, na kila Jumapili isiyo na mvua tulikwenda naye uwanjani kwao. Niliunda moja kwa mikono yangu, ya bawa la juu, inchi 60 kutoka ncha hadi ncha, nikairusha msimu mmoja wa joto. Wakati wa kurudi nyumbani niliiacha, nikabeba mchoro na rimoti. Kisha ikaja kazi, wakaja watoto, ukaja ujenzi. Mwezi wa tatu mwaka huu tulikuwa tunapanga stoo, mke wangu akakuta lile bomba la plastiki, na mchoro umo ndani mzima, umechakaa kingo tu. Tangu siku hiyo usingizi wangu si wa kawaida.*

*Naomba unisaidie. Mchoro huu bado unafaa? Balsa, ile mbao nyepesi, hapa kwetu nitaipata wapi, au nitumie mbao gani badala yake? Umechorwa kwa injini ya mafuta ya cc 3.5, mjukuu wangu anasema siku hizi ni umeme tu, tena anataka ninunue ya povu iliyo tayari. Rimoti yangu ni ya megahezi 35. Nitarushia wapi? Macho nayo si yale ya zamani. Halafu nilikuwa nafikiria kuuimarisha mkia kwa plaiwudi, maana ardhi yetu ni mawe na miiba, si majani kama kule.*

*Mstaafu, Ipagala*

Kaka, nianze na hilo ulilolitaja mwisho kama jambo dogo. Plaiwudi mkiani usiweke. Nakuomba.

Nasema hivyo kwa sababu nililifanya. Ufundi huu nilifundishwa na mwalimu mwenzangu mgeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipokuwa tukifundisha shule moja ya ufundi. Alipoondoka nikaacha. Nilirudi 2015, nikiwa na mchoro wa ndege inayokaribiana sana na yako, na nikawaza hayo hayo unayowaza wewe: mawe, miiba, kutua vibaya. Nikabadilisha mkia wa balsa nikaweka plaiwudi ya milimita 3. Mezani ulionekana mzuri, unagonga kwa kidole unalia kama meza. Uzito ulioongezeka pale nyuma ulikuwa gramu 65. Ni kidogo, si ndiyo?

Sasa chukua rula. Kwenye ndege ile, kutoka kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposawazika ukiiinua, hadi mkiani ni sentimita 70. Kutoka hapo hapo hadi puani ni sentimita 22. Ni mzani wa sokoni ule ule, mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi: kila gramu 10 ya mkiani inadai gramu 32 za madini ya risasi puani ili ndege isawazike. Gramu zangu 65 zikadai zaidi ya 200. Nikaziweka. Ndege iliyochorwa kwa kilo 1.5 ikafika kilo 1.9, maana niliponenepesha mkia nilinogewa nikanenepesha na vingine. Ikapaa. Kwenye kona ya kwanza niliipunguzia mwendo kwa mazoea yangu ya zamani, bawa la ndani likaachia hewa, ikaanguka ubavu kwa ubavu kutoka mita kama 15. Miezi minne ya kazi, sekunde 40 hewani. Na ule mkia wa plaiwudi niliuokota mzima kabisa, umesalia peke yake juu ya vipande. Nimeutundika ukutani juu ya meza yangu.

Mkia wa balsa ukivunjika wakati wa kutua, unaunganishwa kwa gundi jioni moja. Aliyeuchora alijua utavunjika. Aliuchora mwembamba akijua.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Mchoro wako unafaa, tena sana. Ndege ya Junior 60 aliyoichora Albert Hatfull ilitoka 1946, ikaruka yenyewe bila rimoti, na mpaka leo watu wanaiunda na kuitia mota ya umeme na rimoti ya kisasa. Mchoro mzuri hauchachi. Lakini kabla hujashika wembe, kaa nao wiki nzima uusome. Nimefundisha uchoraji wa kiufundi miaka 27, na kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote ni mwanafunzi kuuona mchoro kama picha ya kitu. Kila mstari pale una sababu. Weka kidole kwenye mstari, jiulize kwa nini uko hapo, na usiubadilishe mpaka uijue sababu yake.

Tazama pua. Utaona mahali pa injini hapakukaa sawa: pameinama chini digrii mbili au tatu na kugeuka kulia kidogo. Si kosa la mchapaji. Ukiongeza moto, bawa la juu linataka kuinua pua, na mzunguko wa propela unavuta ndege kushoto. Ule mwinamo unayajibu yote mawili. Nimeona mtu akiunyoosha kwa sababu eti haukupendeza. Tazama bawa: ukingo wa mbele umeinuliwa kuliko wa nyuma ukilinganisha na mkia. Tazama ncha za mabawa zilivyoinuka kuliko katikati. Ndege yako naamini ina usukani wa kugeuza pua na elevata ya kuipandisha na kuishusha tu, haina eleroni, yale mabapa ya bawani ya kuilaza ubavu, kwa hiyo bila ule mwinuko usukani ungeizungusha pua tu na ndege isingelala kuingia kwenye kona. Usiulaze hata sentimita moja.

Mchoro wenyewe usiukate. Upeleke kwa wale wanaochapa ramani za nyumba, wana mashine za karatasi pana, wakutolee nakala mbili. Ukizipata, pima kwa rula kabla ya kulipa: mstari wa inchi 10 uwe milimita 254, kwa urefu na kwa upana pia, maana kuna mashine inayovuta karatasi upande mmoja. Tofauti ya milimita 2 puani haitakusumbua, lakini mbavu za bawa zikitofautiana na nafasi za boriti, zile fito ndefu zinazobeba bawa, utaapa. Meza ya kuundia tumia mlango wa flashi usiotumika, ulaze juu ya stuli mbili, vuta uzi kutoka pembe hadi pembe uhakikishe haujapinda. Bawa linachukua umbo la meza. Meza ikipinda, bawa limepinda, na hakuna gundi ya kulinyoosha baadaye.

Mbao. Dukani kwa mbao za ujenzi hapa mjini usihangaike kuulizia balsa. Mimi naagiza kwa mawakala wa Kariakoo wanaoleta mizigo kutoka China, inachukua wiki kadhaa. Balsa yenyewe asili yake Amerika ya kitropiki, na nyingi ya biashara inatoka Ekwado. Ni ukoo mmoja na mbuyu wetu na msufi, jambo linalonifurahisha kila nikipita chini ya mibuyu nikienda kurusha, ingawa mbao ya mbuyu imejaa maji na nyuzi na haifai hata ubavu mmoja. Balsa ikifika, pima kila kipande kwenye mizani ya jikoni. Kipande cha milimita 1.5, upana sentimita 10, urefu mita 1, kikiwa chepesi kinakuwa na gramu 20 hivi. Kikifika 40, kiweke kwa kazi ya puani. Vipande vyepesi kabisa andika juu yake kwa penseli: MKIA.

Boriti za bawa ni habari nyingine, na hapa nitakuruhusu uubadilishe mchoro, kwa sababu sababu ya mstari tunaijua. Boriti ya balsa ya robo inchi kwa robo inchi, kwa urefu wa bawa lako, ina kama gramu 10. Msonobari wa Sao Hill ulionyooka nyuzi, ukichanwa milimita 3 kwa 6, ni gramu 13 na una nguvu kuliko ile. Nenda kwa fundi seremala mwenye msumeno wa meza, umwambie akuchanie vipande 10, uchague 4 visivyo na fundo. Vingine ni vya kuchomea mishikaki. Mbavu ni nyingi, lakini zinafanana: kata mbili za plaiwudi kama kigezo, bana vipande vya balsa katikati yake, piga msasa zote kwa pamoja. Hapo plaiwudi ina kazi yake halali.

Ukikosa balsa kabisa, mbao za povu zile wanazotumia watengeneza mabango zinafaa kwa mkia na kuta za kiwiliwili. Nimeunda mkia wa povu la milimita 5, ukingo wake wa mbele nikagandisha ufito wa mwanzi. Umedumu misimu mitatu. Gundi ya maji nyeupe inatosha karibu kila mahali, na inakupa nafasi ya kusahihisha. Supagluu kwa povu jihadhari, inalila.

Mjukuu wako yuko sahihi kuhusu umeme, nami niliyependa harufu ya mafuta ya nyonyo kwenye moshi wa injini nasema hivyo bila kinyongo. Methanoli ya kurushia ndege kuipata hapa ni safari, na injini ya cc 3.5 ikikaa miongo minne mafuta yake hugeuka gundi. Hesabu ni nyepesi. Ndege ya kujifunzia ya aina yako inataka kama wati 180 kwa kila kilo. Kilo 1.5, basi wati 270. Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli tatu ni volti 11.1, kwa hiyo ni ampea 25 hivi mota ikiwa kwenye nguvu zote. Chukua mota isiyo na brashi ya mizunguko 900 hadi 1,000 kwa kila volti, propela ya inchi 10 kwa 5, na kidhibiti mwendo cha ampea 40 ili kisichemke. Betri ya miliampea-saa 2,200 itakupa dakika 10 ukiwa na mkono mpole. Wewe weka saa ya rimoti ilie dakika ya 7.

Injini yako ya zamani pamoja na ekzosi na tangi lililojaa ilikuwa nzito kuliko mota. Mota hiyo ni kama gramu 120, betri kama 180. Usifidie kwa risasi. Isogeze betri mbele mpaka ukutani mwa pua, na utengeneze kifuniko cha kuitoa kwa juu, kabla hujafunika kiwiliwili. Kitovu cha uzito kiwe pale mchoro ulipoweka alama. Kama alama imefutika, kwa bawa lenye upana wa sentimita 25 anzia sentimita 7.5 kutoka ukingo wa mbele. Inua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa mahali hapo. Pua ikiinama kidogo sana, ni heri. Mkia ukiinama, rudi mezani, hata kama watu wameshakuja kutazama.

Rimoti ya megahezi 35 iweke pale penye mchoro halisi, ni kumbukumbu yako. Unakumbuka kristali za kuchagua masafa na vile vibanio vya namba ubaoni, mtu akichukua namba yako bila kuuliza ndege yako inakwenda? Hayo yamekwisha. Rimoti za leo ni za gigahezi 2.4, transmita ya mkononi na risiva ya ndani ya ndege vinafahamiana vyenyewe, na watu kumi wanaweza kurusha pamoja. Ukinunua, jambo la kwanza panga kwamba mawasiliano yakikatika mota izime. Lijaribu ardhini: ndege imeshikwa imara, propela imetolewa, zima rimoti uone. Halafu simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti kulia, tazama usukani umekwenda kulia. Fanya hivyo kila asubuhi, hata mwaka wa tano.

Sasa hewa yetu, jambo ambalo yule mzee wa Uingereza hakuwa na sababu ya kukufundisha. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye joto la nyuzi 30, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko ile hewa ya vitabuni, ya usawa wa bahari na nyuzi 15. Bawa linashika kidogo, propela nayo inashika kidogo. Kasi ya chini kabisa inayoweza kuibeba ndege inapanda kama asilimia 10. Ndege yako ikiwa kilo 1.5 itahitaji kama kilomita 29 kwa saa ili isianguke. Ile yangu ya kilo 1.9 ilihitaji 32, na vidole vyangu vilikumbuka kasi ya ndege nyingine. Kwa hiyo tua haraka kidogo kuliko unavyokumbuka, na kona ya mwisho uizungushe pana. Hiyo ndiyo sababu nimeupigia kelele mkia wako. Pale kwenye majani ya Uingereza gramu 65 pengine zingesamehewa.

Upepo unaujua kuliko mimi, umechimba visima nchi hii. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, jua likipanda tu, vinaanza visulisuli vya vumbi, na kisulisuli hakiombi ruhusa kwa rimoti. Mimi naanza kurusha saa 12 na nusu asubuhi, saa 2 na nusu nimeshafunga vitu kwenye gari. Jioni upepo hutulia tena lakini jua linakuwa usoni, na mtu wa umri wetu asipambane na jua. Narushia kwenye shamba la mtama la rafiki, upande wa barabara ya Iringa, baada ya mavuno, mabua yakiwa yameshaliwa na ng'ombe. Mwenye shamba anajua, mtendaji wa kijiji anajua, na watoto wa jirani nimewachorea mstari wa kusimama nyuma yangu.

Kuhusu ruhusa kubwa: usirushe kitu kabla hujafika Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Vyombo visivyo na rubani viko chini yao, na kwenye vibali Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Nenda na nakala ya mchoro, uzito, na jina la kijiji, uwaeleze kwamba haina kamera. Na usiwaze kabisa kurushia mjini. Uwanja wetu wa ndege uko katikati ya nyumba zetu, na hili ni jiji la Bunge na Serikali. Nilipokwenda mimi nilisikilizwa vizuri, na nilitoka nikijua nirushe wapi na juu kiasi gani.

Macho. Vaa miwani ya mbali, ya kusomea iache nyumbani. Rangi ya juu ya bawa iwe ya kung'aa, njano au nyeupe, chini iwe nyeusi au nyekundu iliyokolea, ili ukiipoteza sekunde moja ujue inalala upande gani. Ukiona umbo tu na huoni rangi, umeshakwenda mbali, irudishe. Ikija inakukabili na kulia kumegeuka kushoto, usifikiri: sukuma kijiti upande wa bawa linaloshuka, kana kwamba unaliwekea gogo chini yake.

Nikupe na habari ya Maynard Hill, Mmarekani. Agosti 2003 ndege yake ndogo ya balsa na karatasi ya plastiki ilivuka Bahari ya Atlantiki, kutoka Newfoundland hadi Ireland, karibu kilomita 3,000, kwa saa kama 39. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 77, haoni vizuri, hasikii vizuri, na wenzake ndio waliokuwa macho yake kwenye kupaa na kutua. Ndege pamoja na mafuta yake haikufika kilo 5. Nasikia raha kufikiri mzee yule akipapasa mbavu za balsa kwa vidole kujua kama zimekaa sawa.

Ya povu inunue pia, kaka, hiyo anayoitaka mjukuu. Igongeni nyote wawili mwezi mzima mpaka vidole vyako vikumbuke. Hii ya mchoro isubiri mezani, ije irushwe na mkono ulioamka.

*Shikamoo Mwalimu. Betri yangu ya lipo imevimba kama andazi baada ya kuiacha kwenye gari, ila bado inashika chaji. Naomba kujua kama naweza kuitumia mpaka nipate nyingine. Niko Manyoni.*

Marahaba. Usiitumie tena, hata mara moja. Ikivimba, ndani kumeshazaliwa gesi, na siku itakayowaka haitatoa taarifa. Itoe nje ya nyumba leo, iweke kwenye chungu cha udongo chenye mchanga, mbali na kitu chochote kinachoungua. Iunganishe na taa ndogo ya gari ya volti 12 na uiache ikamuliwe taratibu mpaka taa izime kabisa, ndipo uulize kwa mafundi wanaokusanya betri chakavu. Jua la Manyoni kwenye gari lililofungwa ni oveni. Ijayo ichajie ndani ya chungu hicho hicho, ukiwepo. Isizidi volti 4.2 kwa kila seli, wala hewani usiishushe chini ya 3.3. Usiporusha wiki nzima iache kwenye 3.8. Na ukienda shambani ifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo kwa nje ya boksi lake, kivulini.

*Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha sayansi darasa la sita, wilaya ya Mpwapwa. Nina wanafunzi 71 na sina bajeti. Nimesoma majibu yako ya nyuma nikatamani watoto waunde ndege, lakini mota na rimoti ni ndoto. Nianzie wapi?*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Anzia kwenye mabua. Watoto wako tayari ni mafundi wa mabua ya mtama, wanajua kumenya gamba likawa pini na kuchomeka kwenye ule moyo mweupe mpaka gari linatembea. Bua kavu la sentimita 35 ndilo kiwiliwili. Bawa litoke kwenye lile povu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Waombe wenye maduka, wanalitupa. Lichaneni kwa uzi mwembamba uliovutwa kwa nguvu au kwa wembe mikononi mwako wewe, unene wa milimita 4 au 5, urefu sentimita 40, upana 8. Likateni katikati, lirudisheni kwa gundi huku kila ncha imeinuliwa sentimita 3. Mkia uwe sentimita 15 kwa 5, na pezi dogo juu yake. Bawa likae sentimita 10 hivi kutoka puani, lifungwe kwa mpira ili liweze kusogea.

Pua ni udongo wa mfinyanzi, tonge la ukubwa wa karanga mbili. Kila mtoto asawazishe ndege yake kwa vidole viwili, theluthi moja ya upana wa bawa kutoka mbele. Hapo umeshafundisha mizani na nyenzo bila kufungua kitabu. Halafu warushe asubuhi kabla ya kengele, kwa kusukuma mbele kwa usawa wa bega, si kutupa juu kama jiwe. Ikichoma chini moja kwa moja, udongo upunguzwe kidogo. Ikipanda, ikasita, ikaanguka, ikapanda tena kama mawimbi, udongo uongezwe. Ikigeukia upande mmoja, tazameni bawa kwa nyuma: kuna upande uliopinda. Badilisheni kitu kimoja kwa kila mrusho, kisizidi kimoja, na matokeo yaandikwe.

Watoto 71 wagawe vikundi vya wanne. Kila kikundi kichore ndege yake kwanza, kwa vipimo kamili, kwenye karatasi ya daftari iliyounganishwa, na kiunde juu ya mchoro huo. Yule atakayetaka kuongeza kitu mkiani, mwache aongeze. Kisha mpe rula apime mikono yote miwili ya mzani, na udongo wa ziada uwe karibu yake. Umbali wa kila mrusho waupime kwa hatua, wauandike kwa kalamu juu ya bawa lenyewe pamoja na tarehe. Niandikie mwisho wa muhula unitajie hatua za ile iliyokwenda mbali kuliko zote, na vipimo vyake.